Mwanza hadi Winnipeg, Bila Kufagia

Wifi yangu Kija hajawahi kupanda ndege, na sidhani kama atapanda. Lakini ukimwuliza kutoka Mwanza hadi Winnipeg, Kanada, ni mbali kiasi gani, atakujibu bila kufikiri: kilomita elfu kumi na tatu kama ndege ingekwenda moja kwa moja, elfu kumi na sita kasoro kidogo kwa njia ya kuzunguka, na saa ishirini na mbili hewani ukiacha zile za kungoja. Watu humshangaa. Mimi sishangai, maana nilikuwepo alipojifunza, na najua somo lile lilimgharimu nini.

Kija ni mke wa kaka yangu Masele. Kwao ni Magu, kwa wakulima wa pamba. Alipoolewa akaja Mwanza, kaka alikuwa na kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na mshahara ulikuwa mshahara kweli. Zilipokuja zama za ruksa, biashara ikaachwa huru, mashirika ya serikali yakaanza kuuzwa, kaka akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Alikaa nyumbani miezi kadhaa akisikiliza redio, mpaka mchungaji wetu akamwonea huruma akampa kazi ya kulinda kanisa na kupokea simu ya ofisi. Kija hakusubiri mtu amwonee huruma. Alikwenda karibu na uwanja wa ndege, akakodi kibanda cha mbao na mabati, akakipiga sakafu ya saruji, akaanza kupika.

Alichagua vizuri. Miaka ile viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa kimoja baada ya kingine kando ya ziwa, ndege za mizigo zinatua na kuruka, na madereva wa malori ya barafu na wapagazi walikuwa na njaa saa zote. Kija aliwapikia ugali na sato, wali wa Magu na maharage, chai ya maziwa asubuhi. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa ambayo sitaki kuizungumzia, basi nikawa naosha vyombo na kuhudumia meza. Tulikuwa tunataniana kutwa. Yeye aliniita mzigo uliorudishwa, mimi nilimwita mkoloni. Wateja wengine walidhani tunagombana.

Kwa usafi hakuwa na utani. Sakafu ile ilifagiwa asubuhi, ikafagiwa baada ya chai, ikafagiwa baada ya chakula cha mchana na tena kabla ya kufunga. Mtu akidondosha mwiba wa samaki chini, wifi alimtazama mpaka auokote mwenyewe. Kulikuwa na siku za aina moja tu ambazo ufagio ulisimama pembeni bila kuguswa, nazo ni siku za safari.

Labda nawe kwenu mnafanya hivyo. Mtu wa nyumbani akiondoka kwenda mbali, mahali alipotokea hapafagiwi mpaka afike. Ukifagia kabla, umemfagia na yeye. Umezifuta nyayo zake, na njia haimtambui tena. Mama mkwe wa kaka yangu alilishika jambo hilo kuliko alivyoishika Biblia, na Kija alilinyonya kwake. Kaka akienda Sengerema, wifi alihesabu muda wa kivuko na muda wa barabara ya upande wa pili, na ikifika mchana anashika ufagio. Mtu akienda Dar kwa treni, zilikuwa siku mbili za kuvumilia vumbi. Nilimwambia mara moja kwamba treni ikichelewa yeye ndiye atakayeleta ugonjwa pale mgahawani. Akaniambia nyamaza, uoshe sufuria.

Basi mwanawe Malimi akapata nafasi ya kwenda kusoma Kanada.

Kanisa letu lilikuwa na udugu na kanisa moja la huko Winnipeg, na wale wakajitolea kumsomesha kijana mmoja mambo ya udongo na kilimo. Malimi alichaguliwa. Alikuwa kijana mrefu, mpole, anayecheka kwa kuinamisha kichwa, na tangu amalize kidato cha sita alikuwa akilala kwenye chumba cha nyuma ya mgahawa ili kuulinda usiku. Ndiye mtoto pekee wa Kija aliyekua. Wengine wawili walifariki wakiwa wachanga. Nalisema hili mapema ili usije ukamcheka wifi kuliko anavyostahili.

Na kulikuwa na jambo jingine. Safari ilipangwa Januari, mwaka tisini na saba. Mwezi Mei uliotangulia meli ilikuwa imezama ziwani ikikaribia Mwanza, na hapakuwa na mtaa usiokwenda kuzika. Baada ya hapo neno safari lilitubadilikia mdomoni. Hata watu waliokuwa wakicheka mila za wazee walianza kuzishika kimyakimya, kila mtu na ya kwao.

Wiki moja kabla ya safari wifi akaniambia nivae vizuri twende mjini. Tulikwenda hadi duka la Sadru. Zamani Sadru aliuza vitambaa, lakini mashirika binafsi ya ndege yalipoanza kuja Mwanza aliondoa majora, akaweka meza mbili, simu na faksi, akaanza kuuza tiketi. Kazi yenyewe aliifanya binti yake Minaz. Ndiye aliyemkatia Malimi tiketi.

"Shikamoo, Mama Malimi," Minaz akasema. "Tiketi ina matatizo?"

"Marahaba. Haina matatizo. Nataka kujua, kutoka kiwanja chetu hiki mpaka cha huko anakokwenda, ni mbali kiasi gani, na atafika lini."

Minaz akainuka, akatuita mbele ya ramani kubwa ya ukutani. Akachukua kipande cha uzi, pengine kilibaki tangu enzi za vitambaa, akaweka ncha moja Mwanza na nyingine Winnipeg. Akatuambia kwamba ramani ya karatasi inadanganya kidogo kwa sababu dunia ni mviringo, lakini kwa vitabu vyake kuna kilomita elfu kumi na tatu. Kisha akasema hakuna ndege inayokwenda hivyo. Malimi atatoka Mwanza Jumatatu alasiri hadi Dar, saa moja na nusu. Usiku ataondoka Dar, atagusa Kilimanjaro, na Jumanne asubuhi atakuwa Amsterdam. Hapo atangoja. Jioni ya kwetu atapanda nyingine hadi Toronto, saa nane juu ya bahari. Halafu nyingine tena, ya saa mbili na nusu hivi, hadi Winnipeg.

"Kwa hiyo atafika lini?"

"Jumatano saa mbili asubuhi, kwa saa za kwetu. Ila kwao itakuwa bado ni Jumanne usiku. Wako nyuma yetu saa tisa."

Wifi akatazama ule uzi muda mrefu. "Sasa mimi nifagie kwa siku ya huku au ya kule?"

Nilitamani sakafu inimeze. Nilijua binti wa watu waliosoma angecheka, na kweli nilijiandaa kucheka naye ili mambo yapite. Minaz hakucheka.

"Ya huku, Mama Malimi. Ufagio si uko huku?" Akaonyesha dari kwa kidole. "Bibi yangu yuko hapo juu, naye hafagii mtu akisafiri. Ila yeye husubiri mpaka gari likate kona tu."

"Kona?" wifi akasema. "Na huwa wanafika?"

"Mpaka sasa wamefika wote."

Wifi alitikisa kichwa kwa kumhurumia yule bibi. Njiani aliniambia kwamba watu wa namna hiyo wana bahati tu, na bahati huisha.

Jumatatu ile Malimi alikula chakula chake cha mwisho pale mgahawani, wali na sato wa kukaanga, akachukua sanduku, akatembea na baba yake hadi kiwanjani. Ni hatua chache tu. Wifi hakwenda. Alisimama mlangoni mpaka ndege ikapita juu yetu, ikageukia upande wa Dar. Kisha akauchukua ufagio akauning'iniza juu kabisa, kwenye msumari wa kalenda, ili mimi nisije nikajisahau.

Jioni ile sakafu ilivumilika. Niliuliza kama naweza kuokota miiba kwa mkono.

"Kuokota ni kufagia kwa kujidanganya," akasema.

Meza tulizifuta, vyombo tuliviosha, maji ya kunawa tuliyabadilisha. Chini ndiko kulikokatazwa. Jumanne asubuhi wapagazi waliingia na matope ya mvua ya usiku, wakanywa chai, wakaacha makombo ya chapati juu ya matope. Mmoja akauliza kama ufagio umeibwa. Wifi akamjibu kwamba mwanawe yuko njiani, na yule bwana, ambaye alikuwa mtu wa Kwimba na mila hiyo aliijua, akanywa chai yake kwa adabu.

Saa sita kasoro siku hiyohiyo ya Jumanne, nikamwona kaka yangu anakuja mbio kutoka kanisani. Kaka hakimbii. Nikasimama, na wifi akaweka mwiko chini.

"Amefika," kaka akasema huku anahema. "Amepiga simu kanisani. Nimeongea naye mwenyewe. Amefika Ulaya salama, anasema baridi ni kali mno."

"Minaz alisema kesho," nikasema.

"Minaz ameongea naye? Mimi nimeongea naye. Amefika."

Wifi hakuuliza swali hata moja. Alifumba macho, akasema asante Yesu, akauvuta ufagio kutoka juu na kalenda ikadondoka. Akafagia chumba cha nyuma alimolala Malimi, akafagia mgahawa mzima, akafagia hadi barazani na njia ya kwenda barabarani. Alifagia kwa nguvu ya siku mbili, anaimba. Takataka zote, matope, miiba, makombo, akazibeba kwa karai akazitupa kwenye shimo la nyuma. Kaka alikula bure na rafiki zake wawili.

Sasa nikueleze kosa la kaka yangu, maana si kosa la mjinga. Masele alisoma hadi darasa la saba, redio anaisikiliza, anajua majina ya marais. Lakini kwake, na kwa wengi wetu wa rika lake, kote waliko wazungu ni Ulaya, na Ulaya ni mahali pamoja. Mtu akienda Amerika tunasema yuko Ulaya. Wazungu wa kanisa letu, wawe wametoka Kanada au Uholanzi, wametoka Ulaya. Kwa hiyo Malimi aliposema kwenye simu ile ya kukatikakatika kwamba amefika Amsterdam salama, baba yake alisikia sawasawa kabisa kila alichoambiwa. Aliona mtoto ameingia Ulaya, na mtu akishaingia ndani ya nyumba huwezi kusema yuko njiani kwa sababu tu hajafika chumbani.

Jumatano mchana wifi alibeba bakuli la vitumbua kumpelekea Minaz kama shukrani. Mimi nilimsindikiza. Tulimkuta Minaz ameshika simu, uso haukuwa mzuri. Alipoiweka, wifi akamsogezea vitumbua na kumwambia kuwa mtoto amefika, wala asihangaike.

"Nani kakwambia?"

"Baba yake ameongea naye jana mchana."

Minaz akatupeleka tena kwenye ramani. Akaweka kidole juu ya Amsterdam. "Jana mchana alikuwa hapa, Mama Malimi. Hapa ni kama nusu ya njia." Halafu akaburuta kidole juu ya bahari yote ile ya buluu. "Hii yote ilikuwa bado."

Nilimtazama wifi. Sijui kama alikuwa anaisikia sauti ya Minaz ikiendelea, ikisema kwamba huko Toronto theluji imeanguka nyingi hadi kiwanja kimefungwa, kwamba ndege zilizokuwa hewani zimegeuzwa kutua kwingine, kwamba wenzake wa Dar hawajui ya Malimi imekwenda wapi, kwamba hali hiyo hutokea kila mwaka wakati wa baridi na watu hufika. Wifi alikuwa anatazama ile bahari.

"Nilimfagia akiwa hapo," akasema.

"Wifi," nikamwita.

"Akiwa katikati, Dorotea. Nimemfagia akiwa katikati ya maji."

Alitoka nje bila kuaga. Nilimfuata nikidhani anakwenda kanisani kumtafuta kaka amkaripie. Hakwenda kanisani. Tulirudi hadi mgahawani, akapita moja kwa moja nyuma, akavua viatu, akaingia kwenye shimo la takataka na karai lake.

Kwa kawaida zile taka huchomwa jioni, lakini mvua ilikuwa imenyesha na hazikuwa zimeshika moto. Zilikuwepo zote, zimeloa. Akaanza kuzijaza kwenye karai kwa mikono. Nilimwambia hizo ni taka, wifi, utaumwa. Nilimwambia watu wanatuona. Nilimwambia na mengine makali zaidi ambayo nisingemwambia mtu mwingine yeyote, lakini mimi ni wifi yake na nina haki hiyo. Akaniangalia kutoka mle shimoni, matope hadi kwenye viwiko.

"Kama hutaki kunisaidia, toka mlangoni nipite."

Nikamsaidia. Sikuamini na sasa hivi siamini, lakini niliingia shimoni na gauni langu la kutokea mjini. Tulizirudisha zote. Miiba, makombo, matope yaliyokauka yakaloa tena, vijiti vya kuchokolea meno. Alizimwaga chumba cha nyuma, akazimwaga mgahawani, akajitahidi hata kukumbuka wapi palikuwa na nini. Pale mlangoni akainama akasambaza udongo kwa kiganja, taratibu, jinsi mtu anavyotandika shuka ya mtoto. Hapo ndipo nilipolia, na sikumficha.

Alhamisi tulipikia nje na kuhudumia watu kwenye mabenchi chini ya upenu. Ndani hapakuwa pa kukaa. Nzi walikuwa wamesikia habari. Minaz alikuwa ameahidi kutuma mtu akipata neno, na mtu hakuja. Mchana akaja mwingine, Bwana Afya.

Jina lake Nathaniel Kashindye, mzee wa Kisesa, mwenye baiskeli na kofia ya jua. Sijui nani alimpelekea taarifa na sikumlaumu aliyefanya hivyo. Kipindupindu kilikuwa kimeua watu kwenye mialo ya wavuvi, na kazi yake ilikuwa kupita kila penye sufuria. Alikuwa akiusifu mgahawa wa Kija kila alipopita. Aliwahi kuwaleta wapishi wengine waje kuona sakafu ile. Alisimama mlangoni, akachungulia ndani, akavua kofia.

"Mama Malimi. Nini hiki?"

Wifi akamweleza. Hakuficha kitu, wala kufagia kwa kwanza, wala shimo. Mzee Kashindye alimsikiliza mpaka mwisho. Akatuuliza kama mtoto ameshapatikana. Tukasema bado.

"Hata mama yangu alikuwa hivyo," akasema. "Nilipokwenda jeshini hakufagia kwa wiki. Lakini kwake palikuwa nyumbani, hapakuwa pa kulishia watu. Mimi nikikuacha hivi na mtu akaharisha kesho, nitasemaje?"

"Huwezi kusema kitu," wifi akamjibu.

"Basi tufanye hivi." Alitembea mwenyewe hadi pembeni, akauchukua ufagio, akampa. "Fagia sasa hivi, mwaga dawa, mimi nakaa hapa nakunywa chai. Ukimaliza, sijaona kitu. Usipofagia, naweka kufuli, na kufungua si mimi, ni kikao. Unajua vikao vyetu."

Tulijua. Kibanda kimoja Pansiansi kilikuwa kimefungwa tangu kabla ya Krismasi na mwenyewe alishakwenda kulima. Wateja wa kiwanjani hawangoji. Siku mbili tu wanakula kwingine. Na mgahawa ule ndio uliotulisha sote, kaka na mshahara wake wa kanisani na mimi na ndoa yangu iliyorudi. Nilimwambia, "Wifi, fagia." Kaka, ambaye tangu Jumatano alikuwa anatembea kwa kunyata kama mwizi, naye alikuwepo. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama Malimi, fagia tu. Kosa ni langu."

Wifi alikuwa ameushika ufagio kwa mikono miwili. Aliinama hata akaugusisha chini. Kisha akanyoka, akamrudishia Mzee Kashindye ule ufagio kwa mikono yote miwili, kwa heshima, akapiga goti kidogo.

"Funga, mzee wangu. Mgahawa nitatafuta mwingine."

Mzee alivaa kofia yake. Akatoa kufuli kwenye mfuko wa baiskeli, akafunga mlango wa mbele, akazunguka akafunga na wa nyuma, funguo akatia mfukoni. Na wifi, amini usiamini, alimshukuru. Alimshukuru kwa moyo kabisa, uso ukamlainika kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Ilinichukua muda kuelewa. Kwa kufuli lile, hakuna mtu, wala mimi na ulimi wangu, wala yeye mwenyewe akichoka kuogopa, ambaye angeweza kuingia mle na kufagia.

Nitangulize kusema, kwa wanaopenda kujua, kwamba kikao kilikaa baada ya wiki tatu na mgahawa ukafunguliwa. Wapagazi wengi walikuwa wamezoea kwingine. Wifi alianza tena na chai na maandazi, na ilipita miaka miwili kabla sufuria zake hazijarudi ukubwa wa zamani. Hajawahi kulalamika.

Ijumaa yote alikaa kwenye benchi la ofisi ya Sadru. Jumamosi pia. Wateja waliingia kukata tiketi za Dar na Nairobi, wakamsalimu, naye akawaitikia. Hakuhangaika wala kusali kwa sauti. Minaz alimletea chai kutoka juu, na mara moja yule bibi wa kona alishuka ngazi kwa mkongojo, akaketi kando yake kwenye benchi. Hawakuwa na maneno mengi. Kiswahili cha bibi kilikuwa cha sokoni tu. Lakini nilikaa nao na ninasema nilichoona: yule bibi alikuwa amewakataza watumishi wake wasifagie duka tangu Alhamisi, na karatasi zilikuwa zimejaa chini ya meza za Minaz.

Simu ililia Jumamosi saa tisa alasiri. Zilikuwa zimelia nyingi, kwa hiyo hatukuinuka. Minaz akaipokea, akasema jina la duka, akasikiliza, kisha akatunyooshea mkono ule mwingine kwa haraka, na nikaona macho yake yamejaa maji.

Wifi aliishika ile simu kwa mikono miwili. Nilisogeza sikio langu kwenye sikio lake, sikuomba ruhusa. Kulikuwa na mvumo, na sauti yetu wenyewe ikirudi kwa kuchelewa, halafu Malimi. Alisema ndege yao iligeuzwa ikatua kwenye mji mdogo pwani, theluji ikawafunga humo. Walilala sakafuni siku tatu, mamia ya watu, na hapakuwa na simu iliyoshika. Amefika Winnipeg usiku huu. Yuko kwa watu wa kanisa, wamempa koti na soksi.

"Umefika kabisa?" wifi akauliza. "Hakuna ndege nyingine?"

"Hakuna nyingine, mama."

Nilijua zile dakika zinalipiwa na watu wa kanisa, nikataka kumsukuma aseme jambo. Malimi ndiye aliyesema. Mtoto huyu alikuwa amesoma sayansi, na tangu akiwa mdogo alipoona ufagio umesimama pembeni siku za safari alikuwa akimtania mama yake kwamba njia haina macho. Sauti yake ilibadilika ikawa ya utotoni.

"Mama. Kule chini sakafuni usiku nilikuwa nawaza. Mlishafagia?"

Wifi alinitazama. Nikatikisa kichwa, asimwambie.

"Bado, baba," akasema. "Tulikuwa tunakungoja."

Nilisikia mtoto anavuta pumzi huko alikokuwa, mbali kote kule, halafu akashindwa kuizuia na akalia, mwanamume mzima nyumbani kwa watu. Tulimngoja amalize.

"Basi fagia sasa, mama," akasema. "Nimefika."

Wifi akamrudishia Minaz simu. Akakaa chini pale ofisini, katikati ya makaratasi, mbele ya wateja, akalia kwa sauti siku zote zile tano, na yule bibi akainama kwa shida akamshika kichwa.